Mama Aliyekataa Kiti

Wueh, lazima niwaambie ya leo asubuhi! Basi ya Athi River ilikuwa na viti tupu kibao, na mama mmoja wa buibui amesimama tu, ameshikilia chuma. Nyanya mmoja Mkamba akamvuta nguo. "Kaa, mwanangu. Ama kusimama ni bei rahisi?" Nikacheka peke yangu.

"Wacha nisimame, mwaitu," yule wa buibui akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Mimi nashona suruali huko kiwanda ya EPZ, na tunakaa kwa benchi mpaka jioni. Nikikaa hata saa hii, mgongo itakataa kuinuka."

"Aiya! Si umwambie supavaiza?"

"Nimwambie? Kila asubuhi wasichana wanangoja kazi hapo kwa geti, na yeye anaangalia vile tunatembea. Ukiingia umejikunja, mashini yako anapewa mmoja wao."

"Heri hivyo kuliko ulemae. Uko na mtoto?"

"Mmoja, Asmaa. Zamani alikuwa analilia mgongo wangu nimbebe. Sasa analilia mgongo ya jirani. Hata nikimnyooshea mikono, hakuji."

Kicheko ikaniisha. Mimi na mdomo yangu yote, nikageukia dirisha.

"Bado nasema umwambie," nyanya akasema, lakini polepole.

"Na Asmaa atakula nini, mwaitu?"

Basi ikasimama hapo kwa geti. Mama akashuka akishika kiti baada ya kiti. Alipofika chini akanyoosha mgongo, akainua kichwa, akapita katikati ya wale wasichana mbio mbio, kama mtu amechelewa harusi.