Ukurasa wa Nne wa Fomu ya Udaktari

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umebanwa kati ya cherehani ya Mama Pindo na kibanda cha Mzee Soli, fundi viatu. Wakaaji wake wanajulikana. Karani alistaafu mahakamani akaondoka na msamiati wote. Breki ana bodaboda, na jina hilo alipewa kwa sababu ndicho kitu pikipiki yake haina. Buli ni mama muuza kahawa, na haruhusu mtu abishane bila kikombe mkononi. Asubuhi hiyo, saa nne, hakuna aliyegusia mpira. Binti wa Mama Pindo, ambaye kijiwe kizima kimemwita Dokta tangu akiwa na miaka sita, alikuwa amekaa katikati ya ubao na fomu ya chuo cha udaktari mapajani. Kurasa tatu zilikuwa zimejaa. Wa nne haukuwa na hata nukta. Na fomu zilipokelewa getini, mkono kwa mkono, mwisho saa saba mchana wa siku hiyohiyo.

Mama Pindo alikuwa anatia zipu kwenye sketi. Alikuwa ameitia kinyume mara mbili, na hakumlaumu mtu ila ukurasa wa nne.

– Soma tena, alisema Karani. Taratibu. Nisikie kila kifungu.

– "Eleza ulichokifanya kuhusu afya ya watu. Maneno yasiyozidi mia tatu. Ambatisha ushahidi, kama upo."

– Hapo ndipo wanapowachuja watoto wa maskini! alisema Buli, akimimina. Watoto wa wenye nacho wataandika nini? "Nilijitolea hospitali ya mjomba. Nilishika mkasi kwa shangazi." Huyu wetu mjomba wake nani?

– Mimi hapa, alisema Breki.

– Ndiyo maana nauliza.

– Lakini kuna nafasi kumi zimetengwa kwa waliosoma kwa shida, alisema Dokta. Imeandikwa pale juu.

– Kumi! Breki alisimama, akakaa, akasimama tena. Kumi si nyingi? Sisi tunataka moja tu!

Mama Pindo alijikuta anatabasamu kwenye zipu. Tangu mwanzo wa wiki roho yake ilikuwa juu. Mtoto alikuwa amefaulu kemia katika shule ambayo maabara yake ilikuwa kabati lililofungwa, na ufunguo alikuwa nao mwalimu aliyehama. Alama zilikuwepo. Barua ya mwalimu mkuu ilikuwepo. Kilichobaki ni ukurasa mmoja, na yeye, fundi kwa miaka ishirini na miwili, hakuwa na hata neno la kumshonea mwanawe.

– Andika hivi, alianza Buli. Ulisomea taa ya barabarani.

– Tuna umeme, mama mdogo.

– Si ulikatika?

– Siku mbili.

– Basi andika miaka miwili. Nani atakwenda kuhesabu?

– Pingamizi! Karani aliinua kikombe. Shida bila kiapo ni malalamiko tu. Aanze hivi: "Mimi, niliyetajwa hapo juu, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote..."

– Hayo ni maneno kumi na manne na bado hajatibu mtu! alisema Breki. Sikiliza, Dokta. Andika umezalisha mama juu ya pikipiki yangu. Mimi shahidi.

– Mama yupi huyo?

– Yule wa mwaka jana. Nilimpakia uchungu umemshika, nikamfikisha hospitali.

– Mimi nilikuwepo?

– Hukuwepo. Lakini ungekuwepo!

Ubao mzima ukacheka, hata Dokta. Mzee Soli peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia kiatu kimoja tangu asubuhi, anagonga msumari uliokwisha kuingia. Aproni yake ya ngozi ilimfunika mpaka chini, kama kawaida. Mguu wake wa kushoto hakuna aliyeuona kwa muda mrefu, na kijiwe kilikuwa kimeshaamua kwamba mzee amekuwa mvivu wa kusimama.

Kahawa ya pili ilipomiminwa, mambo yalipamba moto. Buli akasema tangu aanze biashara hakuna mteja wake aliyeugua moyo, kwa hiyo Dokta adai ni utafiti wake. Karani akajitolea kuandika hati ya kwamba mtaa mzima ulipata homa na ukatibiwa na binti mmoja. Breki akaona wote wanapoteza muda.

– Maneno ya nini? Tunakwenda wote. Tukifika getini, mimi naanguka. Chini, puu! Dokta anaruka, ananipima mapigo, ananigeuza ubavu. Mkuu wa chuo anachungulia dirishani. Mchezo umekwisha!

– Na asipochungulia?

– Naanguka tena. Siku nzima yangu.

– Wewe hufai, una afya mno, alisema Karani kwa uzito wote. Anatakiwa mtu mwenye sura ya mgonjwa. Mzee Soli, wewe je? Utaanguka?

– Niacheni, alisema Mzee Soli.

Alilisema kwa sauti ndogo, na nyundo ikaendelea. Dokta alimtupia jicho mara moja, akarudisha macho kwenye fomu.

Saa tano ikapita. Mama Pindo akaacha cherehani. Furaha yote ya wiki ilikuwa inaanza kumgeukia hofu, na hofu kwake siku zote ilitoka kama ugomvi.

– Miaka yote hii, mwanangu, huna hata kimoja? Jumamosi uko kwenye vitabu. Jumapili unakwenda kumsomea Mzee Soli ujumbe wa mwanawe, eti miwani imevunjika. Miwani gani haitengenezwi mwaka mzima? Ukikosa cha kuandika, basi andika kwamba umenimalizia karatasi zangu za kuchorea mikato ya nguo! Kila wiki napima, kila wiki kipande kimepungua. Unazila?

– Nimekosa, mama. Nitakununulia.

– Sitaki kununuliwa. Nataka ukurasa wa nne!

Dokta alifunga kalamu. Alikuwa na tabia ya kufunga kalamu kabla ya kusema jambo zito.

– Kipo nilichofanya, alisema. Lakini si changu kukisema.

Kijiwe kililipuka.

– Amepasua mtu! alisema Breki. Nilijua! Vidole vile!

– Usijibu kitu, binti yangu, alisema Karani. Una haki ya kunyamaza. Kwanza, huyo mtu yu hai?

– Yu hai, baba.

– Tumepona!

– Ni kiongozi, alinong'ona Buli. Ametibu kiongozi kwa siri. Ndiyo maana hasemi.

Mama Pindo hakusikia mengine. Alikuwa anamtazama mwanawe usoni. Aliujua uso ule. Ulikuwa uso wake mwenyewe akiwa ametoa ahadi kwa mteja. Nyundo ya Mzee Soli nayo ilikuwa imenyamaza.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, mgeni pale, kuchukua gauni lake. Mama Pindo aliinuka kulitafuta, Dokta akainuka kumpisha, na mkoba wake ukateleza ubaoni. Daftari likaanguka, likafunguka, na karatasi za kaki zikamwagika mchangani. Mgeni, kwa heshima zake, akainama kuziokota. Kila moja ilikuwa imekatwa kwa mkasi na kuandikwa tarehe, basi akazipanga juu ya ubao kufuata tarehe. Ya kwanza ilitosha kiganja cha mtoto. Iliyofuata ilipungua kidogo. Zikaenda zikipungua, thelathini na nane, mpaka ya mwisho iliyolingana na punje ya harage.

– Samahani, fundi, aliuliza mgeni. Hii ni mikato ya nini?

Mama Pindo alitazama. Karatasi ilikuwa yake. Haikuwa kola. Haikuwa mfuko, wala kwapa la koti. Aligeuza moja, akageuza ya pili, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akashindwa kusema umbo limetoka wapi.

– Vifungo? alijaribu Breki.

Dokta, aliyejua, alikuwa ameinama anakusanya daftari lake.

– Ni mguu wangu, alisema Mzee Soli.

Aliweka nyundo chini. Akaisogeza aproni. Kiatu cha kushoto kilikuwa kipana, kimefumuliwa mbele na kushonwa upya kwa turubai laini. Akakifungua kamba mbele ya watu wote.

– Sukari, alisema. Kidonda hiki kilikuwa chini ya unyayo, kimekula mpaka ndani. Kliniki walitaka niende kila wiki, na sikuwa na mguu wa kunifikisha. Huyu akawa mguu wangu, nesi akamwelekeza. Anaosha, anafunga. Kila Jumapili anatandika juu ya kidonda nailoni safi ya pakiti ya shashi, anachora ukingo wake, kisha anakata kwenye karatasi kama mama yake. Mwisho wa mwezi daftari linakwenda kliniki, linapigwa mhuri. Nesi anasema hajawahi kuona.

– Na hukutuambia? alisema Buli.

– Nani ataleta kiatu kwa fundi aliyeoza mguu? Nyinyi mngenicheka hadi leo. Nilimwapisha asimwambie mtu, hata mama yake. Akamgeukia Dokta. Nimekaa hapa asubuhi nzima nikingoja useme, ili nikukasirikie. Umeninyima hata hilo.

Mama Pindo alikuwa amepiga magoti mchangani. Hakutazama watu. Alitazama bandeji, nyeupe, imekaza bila kubana, na ncha yake imekunjwa mara mbili na kufichwa ndani, vile anavyofundisha upindo usifumuke. Aliona haya kwa ugomvi wote wa karatasi. Alijivuna pia.

– Unazikata vizuri, alisema tu. Kisha akalia.

– Saa sita kasoro! alipiga kelele Breki. Andika! Lieni baadaye!

Dokta akafungua kalamu. Aliandika bila kuinua kichwa, na watu wanne walimsimamia juu ya bega huku wakikatazana kumsumbua. Karani aliomba "bila kushurutishwa" iingie hata mara moja, akakataliwa.

– Weka na jina langu, alisema Mzee Soli. Nimeshavua kiatu, nibaki na aibu gani?

– Mgonjwa hatajwi jina, mzee.

– Mimi nimeruhusu!

– Nimeandika "mgonjwa mmoja, fundi".

– Andika fundi hodari, basi.

Akaandika. Yalikuwa maneno mia mbili na tisa. Karatasi zikarudishwa ndani ya daftari, daftari likafungwa pamoja na fomu kwa utepe wa zipu, na Dokta akapanda nyuma ya pikipiki ameukumbatia mzigo. Kijiwe kilimshangilia mpaka kona. Kuhusu breki, hakuna aliyetaka kuuliza siku hiyo.

– Atachukuliwa! alisema Buli. Mkiniona nalia ni moshi wa jiko.

– Hilo halina rufaa, alisema Karani.

Mgeni alikuwa bado amesimama na gauni lake mkononi, anautazama mguu wa Mzee Soli.

– Hongereni sana, alisema. Lakini akichukuliwa, Jumapili nani atakuja kukifunga kidonda?

Mzee Soli akaanza kufunga kamba za kiatu, polepole kupita kiasi. Buli akainamisha buli ili awape watu cha kufanya, yakatoka matone mawili na machicha.

Mama Pindo akarudi kwenye meza yake. Alikung'uta vumbi magotini, akavuta bunda la karatasi za mikato, akachukua mkasi akakata kipande kimoja, kidogo, akakiandika "Jumapili", kisha akakiweka mfukoni.