Wendell Stuckey, Mlinzi wa Glasi ya Tatu

Baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi, Wendell Stuckey anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2019. Miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo aliwagawia watu bia ya bure, kazi ambayo mimi, mtunza kasuku, niliionea wivu waziwazi.

Wageni wa siku hizi hudhani Bustani za Kellerhoff, hapa Tampa na kule Texas na Virginia, zilianza na treni za michezo, zile za kupanda na kushuka angani na kupindua matumbo. Thubutu. Zilianza na kiwanda cha bia. Mzee Kellerhoff aliwakaribisha watu watazame mitambo, kisha akampa kila mmoja glasi mbili. Wakanywa, wakajilaza kwenye nyasi zake. Akawapandia miti ya kivuli, akawaletea kasuku wa kuwachangamsha, na kufumba na kufumbua ana bustani tatu na twiga.

Glasi mbili ndiyo ilikuwa sheria, na Wendell hakuwahi kutoa ya tatu. Watu walirudi na miwani ya kuazima. Mhubiri mmoja wa Kibaptisti alinyoa masharubu chooni. Wote waliambiwa, "Hii ya tatu, ndugu. Nenda kawaone kasuku." Ndiyo maana onyesho langu lilijaa, ingawa nusu ya watazamaji walikoroma. Sugu kuliko wote alikuwa Orville Teague: kila Alhamisi, kofia tatu.

Kisha kiwanda kikabomolewa, ikajengwa treni mahali pake. Kampuni ikanunuliwa na watu wa ng'ambo, nao wakatuuza kama makochi ya marehemu. Mwaka 2009 bia ya bure ikafutwa. Mkurugenzi mpya, Bi. Babcock, akamuuliza Wendell anajua kazi gani nyingine.

"Nakumbuka sura za watu," akajibu.

Akapewa wiki mbili za majaribio kwenye kibanda cha waliopotea, ambao wengi wao walikuwa waume. Akishindwa, aende nyumbani. Tuliogopa, maana alikuwa na miaka hamsini na mitatu na hakuwa na ujuzi mwingine wowote.

Siku ya kumi akaja Bi. Lorna Teague akilia. Mumewe alikuwa na ugonjwa wa kusahau, tangu asubuhi hakumtambua hata yeye, na sasa alikuwa ametoweka. Walinzi walikuwa wameshaanza kuchungulia bwawa la mamba. Wendell akaitazama picha.

"Huyu wa kofia tatu," akasema, akaondoka.

Alikwenda moja kwa moja chini ya nguzo za treni, pale kaunta ya bia ilipokuwa enzi za kiwanda. Orville alikuwa amesimama peke yake, kwa adabu, akipanga foleni.

"Hii ya tatu, Orville."

"Umeninasa tena, Wendell," mzee akasema, akacheka, akamfuata.

Bi. Babcock hakuuliza tena habari ya majaribio. Wendell alikaa kibandani miaka kumi.

Ahsante, ndugu yetu. Pumzika vizuri, na uzee wako uwe mtamu. Ijumaa utakuta glasi tatu mezani. Mbili ni za sheria. Ya tatu imetoka kwa Bi. Lorna, na amesema huna haja ya kubadili kofia.