Andika, Bega

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Fundi Tepe ametutoka. Yule fundi cherehani aliyeimba wimbo mmoja tu maishani mwake, ametutoka juzi asubuhi.

Wimbo wenyewe mnaujua. "Bega, andika. Kifua, andika. Mkono wa kushoto umezidi kidogo, andika." Tumeucheza harusini miaka nenda rudi. Tulidhani fundi anamsifu mpenzi wake na kumwomba barua. Mimi mwenyewe nimeupiga hapa studio kuwapongeza maharusi.

Jana nilikwenda nyumbani kwake. Cherehani bado iko mlangoni, palipo na mwanga. Chaki iko dirishani. Dada yake mkubwa alinipokea, akacheka huku anafuta macho.

"Mwanangu, nyie watu wa redio mmewachezesha watu msiba."

"Msiba gani tena, mama?"

"Anayepimwa mle wimboni ni mwanamume!"

Basi akanieleza. Ujanani, Fundi Tepe alifanya kazi na msichana mshona vifungo. Fundi alipima na kutaja kwa sauti, msichana akaandika. Ndivyo walivyofanya kila siku. Alimpenda. Hakumwambia. Alisubiri kwanza apate cherehani yake mwenyewe. Siku moja akaingia mteja anayetaka suti ya harusi. Bibi harusi alikuwa ni huyohuyo msichana. Fundi akapima, akataja. Msichana akaandika.

"Akaishona hiyo suti?" nikauliza.

"Ilimkaa yule bwana kama kazaliwa nayo! Mdogo wangu angeweza kuharibu maisha yake, lakini si kitambaa cha mtu."

Kisha akaitazama cherehani. "Hakuoa. Linaloniuma ni moja tu. Sijui kama yule mwanamke alijua kuwa wimbo ni wake."

Wasikilizaji wapendwa, leo asubuhi simu ya studio iliita. Sauti ya mama mtu mzima. Mjane. Alisema ndiye yule msichana wa vifungo, nami nikamweleza linalomuuma dada.

"Nilijua," akasema. "Nilijua siku ya kwanza. Mkono ule wa kushoto ni wa marehemu mume wangu."

"Mbona hukumwambia fundi, mama?"

"Ningemwambia nini, baba? Mimi niko jikoni, mume wangu yuko sebuleni anaongeza sauti ya redio. Aliupenda mno wimbo ule."

Kisha akaendelea.

"Siku ile ya vipimo, alipokwisha kutaja mkono wa kushoto alinyamaza. Nikainua kalamu, nikamtazama. Nikasema moyoni, sema sasa. Angesema neno moja tu, ningeiweka kalamu chini. Akataja kiuno."

Kwa dada wa Fundi Tepe, ambaye najua unatusikiliza: pole sana, mama. Alijua. Poleni jamaa wote, na nyote mliovaa kazi ya mikono yake.

Wimbo huo leo hatuupigi. Yule mama ameomba hivyo, maana yuko nyumbani peke yake. Tutakaa kimya kidogo badala yake. Na wewe ambaye kuna mtu anakutazama akingoja useme, zima redio, umwendee.