Mama Charline Masika na nafasi ya wageni katika ghuba ya Keshero

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2019, Mama Charline Masika anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Mpango wa Ziwa, hapa Goma, kwa miaka ishirini na minane. Aliingia akiwa karani wa kuchapa kwa mashine. Anatoka akiwa mkuu wa mipango. Katikati hapo vimepita vita, umepita moto wa volkano ya Nyiragongo, wamepita wakurugenzi wa kila umbo, na wamepita sambaza, dagaa wa ziwa letu, wasiohesabika, wengi wao kwenye sahani yake mwenyewe.

Vijana walioajiriwa juzi huuliza kwa heshima: kupanga ziwa ni kufanya nini hasa? Swali ni zuri, acha tulijibu polepole. Mtu wa Goma akitaka kuonyesha kiwanja chake, anaokota mawe ya volkano na kujenga ukuta, na jirani anaelewa. Ziwani huwezi kuweka jiwe, litazama. Hata hivyo maji yaleyale yanatakiwa na wengi: mvuvi wa sambaza, mama mwenye bidoni, yaani dumu la maji, mwenye nguo za kufua, nahodha wa boti ya Bukavu, watu wa kuvuna gesi iliyo chini ya ziwa, na samaki mwenyewe, ambaye anahitaji matete yenye utulivu ili watoto wake wakue. Kupanga ziwa ni kuwakalisha wote hao pamoja mpaka kila mmoja ajue pahali pake na saa yake. Na saa ni jambo kubwa, kwa sababu maji yanayochotwa asubuhi yanaweza kupitisha mtumbwi jioni, na hakuna aliyepoteza kitu. Mpaka wa namna hiyo hauonekani kwa macho. Unakaa katika vichwa vya watu, na ukitoka humo hakuna askari wa kuurudisha.

Kazi hiyo ya maji tulimpa mtu wa milimani. Mama Masika ni mzaliwa wa Butembo, mahali ambapo, kwa maelezo yake, maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona utotoni yalikuwa ndani ya sufuria ya kupikia ugali. Safari yake ya kwanza ya kikazi, kutoka ufuko wa Kituku, alivaa jaketi la kuokolea mgongo ukiwa mbele, akashika mkono wa nahodha, na hakuuachia hadi nchi kavu. Tangu siku hiyo hakupanda mtumbwi bila kipande cha tangawizi mdomoni. Wavuvi wa Kituku walipenda kumtania: “Mama Masika anaogopaka maji, lakini maji inamuogopa yeye zaidi!” Naye alikuwa akiwajibu: “Basi inawazidi ninyi akili. Ninyi hamuogopi hata bibi zenu wa nyumbani.”

Mwaka 1994, wakimbizi walipoingia mjini kwa wingi ambao hatujauona tena, ziwa ndilo lililokuwa bomba la kila mtu. Pahali pamoja walichota, walifua, waliogesha wagonjwa, na magari ya maji yakapiga pampu palepale. Kipindupindu kikafanya kazi yake. Mama Masika alitumwa ufukweni kuchapa ripoti. Akaona upepo unavyosukuma povu la sabuni kuelekea kwenye mipira ya pampu. Ripoti aliiweka kando, akaenda kuwaomba wafuaji, kikundi baada ya kikundi, wahamie upande ambao upepo unakwenda. Ndivyo karani wetu alivyoanza kupanga ziwa. Miaka miwili baadaye, vita vilipofika na ofisi ikaporwa, mashine yake ya kuchapa ilikwenda na wenye nguvu. Alitutuliza hivi: “Wamebeba mashine, lakini vidole wameniachia.” Kutoka hapo hakurudi kwenye meza ya karani.

Lakini jambo ambalo Goma itamkumbukia lilitokea mwishoni mwa 2008. Vita vilikuwa vimekaribia Kibati, huko juu ya mji, na watu wa kule walishuka mjini na mizigo vichwani. Wengi walijenga vibanda karibu na ufuko wa Keshero, kando ya ghuba ndogo yenye matete ambamo samaki wa upande ule wote hulelewa. Njaa ni njaa: baada ya majuma machache vyandarua vya mbu vilianza kuburutwa ndani ya matete, vikitoa samaki wadogo kama kucha. Wavuvi walikasirika. Papa Baharanyi, mwenyekiti wao, mtu wa Bukavu upande wa ziwa, mwenye sauti ya kuita mtumbwi bila simu, alitaka jambo moja tu: ghuba ifungwe yote, kwa watu wote, mwaka mzima. Kama isingefungwa, samaki wangekwisha. Kama ingefungwa, wale watu wa Kibati wangeteka maji wapi?

Mama Masika aliitisha mkutano katika chumba kimoja pale Keshero, karibu na vibanda. Ramani ya karatasi hakuipenda, kwa sababu, alisema, anayejua kuisoma hugeuka mwalimu na wengine wote hugeuka wanafunzi. Alitaka ziwa linalotandikwa chini, watu walizunguke, na kila mmoja aweke kitu chake pahali anapofanyia kazi. Akamwomba Viateur, mlinzi wetu, atafute turubai, ile tunayoiita shitingi. Viateur alipita kando ya vibanda, akaona shitingi ya buluu imeanikwa juu ya mawe, akauliza watoto waliokuwa karibu kama inatumika. Wakasema: “Inakauka tu.” Akaikunja akaja nayo. Ilikuwa na rangi nzuri ya ziwa kabisa.

Mkutano ulikwenda vizuri kupita kiasi. Baharanyi aliweka kizibo cha wavu, wafuaji wakaweka kipande cha sabuni, nahodha akaweka kiatu. Shefu wa kata alikubali, wavuvi walikubali, ghuba ikafungwa yote kwa mstari wa maharagwe. Watu wa Kibati hawakuwepo. Si kwamba tuliwachukia. Tulisema tu kwamba ni wageni, watarudi kwao, ya nini kuwasumbua na mikutano?

Ndipo mvua ikashuka kutoka upande wa Nyiragongo, na pamoja na mvua akashuka mwanamke mwenye bidoni mgongoni, amelowa hadi mifupa. Jina lake Athanasie, mama wa watoto wanne. Aliweka bidoni chini, akashika pembe ya ziwa letu, akavuta. Sabuni, kizibo, kiatu na maharagwe vyote vilibiringika hadi katikati.

“Mama, unavunja mukutano!” Baharanyi alipiga kelele.

“Muzee, ziwa yenu njo nyumba yangu,” alisema. “Mvula inanyeshea batoto. Munirudishie nyumba, kisha mutaendelea.”

Tulicheka, wengine kwa aibu. Viateur alikuwa anatafuta pa kujificha nyuma ya mlango. Mama Masika hakutoa hotuba ya kuomba radhi. Alishika pembe ya pili, wakaenda nayo wawili hadi kwenye kibanda, wakaifunga kamba huku mvua ikiwapiga usoni. Halafu akageuka akatuita. Hivyo mkutano uliendelea humo ndani, tumechuchumaa magoti kwa magoti, shefu wa kata akiwa na mtoto wa mwenye nyumba mapajani, na ziwa likipigapiga juu ya vichwa vyetu.

“Na ile bahari... ile ghuba, mumefunga wapi?” aliuliza Athanasie alipokwisha kuelezwa. Wakamwonyesha kwa kidole ardhini. “Pale njo pahali ninachotea maji. Mutanipeleka wapi?”

“Mama, shida haiko maji,” alisema Baharanyi, sauti imepungua kidogo. “Shida ni mustikere, hizi chandarua. Mustikere ni ya kulalia, haiko ya kuvulia.”

“Na mwenye njaa, muzee, analalaka namna gani?”

Baharanyi alikohoa akasema kwamba sambaza zinazofika mchana huharibika kwa kukosa mikono ya kuzianika, na kwamba mke wake mwenyewe analalamika kila siku. “Basi bibi yako ana akili,” Athanasie alimwambia. “Aje tuongee mimi naye. Wewe utabakia na mitumbwi.”

Mpango uliozaliwa pale ni mfupi na bado unatumika. Matete hayaingiwi na mtu yeyote. Upande wa mawe ni wa kuchota maji, asubuhi na jioni. Sabuni inakwenda upande wa upepo. Mitumbwi inapita mchana katikati tu. Wanawake wa Kibati walianika sambaza za wavuvi na kuchukua fungu lao, na vyandarua vikarudi vitandani. Kuhusu ulinzi, hatukulipa mtu. Jamaa mmoja wa Baharanyi mwenyewe alipojaribu kuingiza wavu kwenye matete, wachota maji walipiga bidoni zao kama ngoma hadi Keshero nzima ikaja kumtazama. Alitoka amefunika uso kwa kofia. Baharanyi alicheka kuliko wote.

Amani iliporudi Kibati, wenzetu walirudi kwao, na upande wa mawe ukabaki mtupu. Wavuvi walikuja ofisini, kwa adabu, kuuomba. Hoja yao ilikuwa ya haki: kwa nini pahali pazuri pakae bure? Mkurugenzi wa wakati huo alikuwa tayari kutia saini. Mama Masika alikataa. Alieleza kwamba mpango wa ziwa unaopanga waliopo peke yao haujakamilika, maana katika mji huu anayekuja kukimbilia hana nafasi ya kutuma barua mbele. “Tuache nafasi ya mugeni,” alisema. “Asipokuja, tumshukuru Mungu.” Walibishana naye majuma mengi. Wengine walimwita mkaidi wa milimani, na kwa hilo hawakukosea. Nafasi ilibaki.

Mwaka 2012 vita vilirudi. Watu walishuka tena kwa barabara ileile, na miongoni mwao Athanasie, safari hii akiwa na mjukuu mgongoni. Alifika ghubani, akakuta upande wa mawe uko wazi, hakuna mtumbwi, hakuna wavu, maji ni safi. Baharanyi, mvi zimemjaa, alikuwa amesimama pale. “Karibu, mama,” alimwambia. “Pahali pako hatukupagusa.” Matete hayakuguswa hata siku moja mwaka ule. Mama Masika alipoletewa habari hiyo ofisini alifunga mlango kidogo, kisha akaufungua na kuagiza sambaza za watu wote.

Leo ghuba nyingine za ziwa letu zimepangwa kwa mfano wa Keshero, na katika kila moja kuna kipande cha ufuko ambacho hakina mwenyewe. Wakaguzi wanaotoka mbali huuliza kama ni kosa la mchoraji. Tunawaeleza, polepole, kama alivyotufundisha.

Mama Masika, tunakushukuru kwa uvumilivu, kwa mizaha, na kwa ukaidi. Wavuvi wanakushukuru, na wengi wenye deni la shukrani kwako hata hawalijui jina lako. Pumzika sasa katikati ya wajukuu wako, na maisha yakupokee vizuri kama ulivyowapokea wengine. Sisi tunaobaki tunakuahidi kuitunza nafasi ya mgeni pale kwenye mawe, na tunamwomba Mungu ikae tupu miaka mingi.