Kitovu cha Masele na Vikao Vinne

Ndugu waombolezaji mliotoka Geita na Mhunze, nanyi majirani wa hapa Samuye, haya ni maisha ya Masele Bujiku, kama mkewe Zipora alivyotaka yasomwe, bila kupunguza neno.

Masele alizaliwa hapa Samuye tarehe 14 Aprili 1979, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi 1994, na mwaka 2001 akaenda Geita, ambako kwa miaka ishirini na mbili aliendesha kompresa ya kupeleka hewa mashimoni, na hakuna mchimbaji aliyewahi kukosa pumzi katika zamu yake. Tarehe 9 Oktoba 2004 alifunga ndoa na Zipora, wakajaliwa Asteria na Gregory.

Mwaka 2015 kitovu chake kilianza kutoa maji, Zipora akamuuliza mumewe, akaambiwa ni jasho, akauliza tena, akaambiwa ni vumbi la mgodini, ikawa miaka minane ya pamba ndani ya shati, na dawa ya fangasi mara tano kutoka zahanati ambako hakuna aliyemwambia afunue tumbo, hadi Machi 2023 alipokojoa damu, ndipo Daktari Sesilia wa hospitali ya Mwanza akampima na kueleza kwamba mrija wa kutoka kitovuni hadi kwenye kibofu, ambao kwa kawaida huziba kabla mtoto hajazaliwa, kwake haukuziba, na sasa una uvimbe, unaoweza kutolewa kwa kamera kupitia matundu madogo matatu.

Masele alikubali, ukoo ukaitisha kikao. "Matundu ya kuingia kalamu yatatoa nini? Wanataka kumjaribia mashine yao," alisema kaka yake mkubwa, basi vikawa vikao vinne katika miezi kumi, Zipora akimimina chai katika vyote bila kuulizwa lolote, mpaka kile cha nne alipoweka birika chini, akasema, "Shemeji, hayo mashati nafua mimi. Kesho tunakwenda Mwanza."

Alifanyiwa upasuaji tarehe 22 Januari 2024, siku ya nne akatembea mwenyewe hadi kwenye gari, akionyesha watu vile vikovu na kucheka, lakini majibu ya maabara yakasema ni saratani, nayo ilikwisha kutoka nje ya mrija, na daktari hakumficha Zipora kwamba ile miezi kumi iliyopotea ilikuwa na thamani kubwa. Alifariki tarehe 3 Juni 2025.

Familia inamshukuru Daktari Sesilia na wauguzi wake, majirani walioleta maji na kuni, na wachimbaji waliozima kompresa siku nzima ili waje kumzika, na wale wa vikao vinne tunawashukuru kwa kuwahi leo. Kama yupo hapa mwenye kitovu kinachotoa maji, aende akamwonyeshe daktari wiki hii, asisubiri kuitiwa kikao.

Pumzika kwa amani, Baba Asteria, mkeo hana kinyongo na wewe.