Uongo wa Homa ya Ini Niliomwambia Kaka Yangu

Jina la Yesu liinuliwe, ndugu zangu! Mwangaluka! Mimi ni Kabula, mke wa Shija, tunalima pamba hapa Dutwa. Wengi mnanijua kwenye kwaya. Leo sitaimba. Leo nasema nilichokificha.

Kaka yangu Masanja alianza kwa kuwashwa mwili mzima, akawa anajikuna mpaka damu. Macho yakawa ya njano, mkojo kama chai ya rangi. Tukasema karogwa! Tukampeleka kwa mganga, miezi ikapita. Tulipomfikisha hospitali Mwanza, daktari akasema ni saratani ya mirija ya nyongo, na imeshaenea. Tena ana virusi vya homa ya ini B, amekaa navyo miaka mingi bila kujua, na virusi hivyo vinaongeza hatari ya saratani ya ini, hata ya mirija ile. "Ninyi mliozaliwa naye," akatuambia, "nendeni mkapime."

Sikwenda. Ndugu zangu, niliogopa! Masanja kitandani, amebaki mifupa, akaniuliza, "Kabula, umepima?"

Nikamjibu, "Nimepima, kaka. Sina."

Akasema, "Bwana ni mwema." Siku ya tatu akafariki, akiwa ameamini uongo wangu.

Tangu hapo sikuwa na amani. Kila asubuhi najitazama macho kwenye kioo. Napalilia shambani, ngozi ikiwasha kidogo tu, moyo unaenda mbio. Nilifunga, nikaomba, na kumbe nilichoomba ni nisijulikane!

Msimu wa kuvuna, ikaja kweli. Maumivu chini ya mbavu za kulia, homa, na macho ya njano. Shija akanishika uso. "Mama Neema, mbona macho yako yamekuwa kama ya Masanja?"

Nikapiga magoti palepale kwenye pamba, nikamwambia yote. Hakunifokea. Alisema tu, "Inuka, twende hospitali Bariadi."

Wakanipima: virusi ninavyo. Picha ya tumbo ikaonyesha mrija wa nyongo umeziba, wakanipeleka Mwanza, hospitali ileile. Siku nne za kusubiri majibu! Nikifumba macho namwona Masanja. Nikamwambia Mungu, hata ikiwa ndiyo ile, sidanganyi tena.

Siku ya nne daktari akaja, akasema, "Mama, ni jiwe." Jiwe! Haleluya! Wakalitoa, macho yakarudi meupe.

Lakini ndugu zangu, virusi bado ninavyo. Daktari aliniambia si kila aliye navyo hupata saratani, ila hatari ipo, kwa hiyo nameza dawa kila siku, na kila baada ya miezi sita napimwa. Shija na watoto wamepimwa, hawana, na wote wana chanjo. Alhamisi hii ni zamu yangu tena, na tangu jana najitazama tena macho kwenye kioo. Ila naenda! Mimi niliyekuwa nakimbia, naenda kwa hiari yangu. Huko ndiko kufunguliwa kwangu, na namshukuru Bwana!

Sasa wewe uliyekaa hapo, ambaye nyumbani kwenu kuna mtu aliugua ini, na moyo wako unapiga ninavyosema hivi. Usiseme kitu. Tukitoka, nishike mkono tu pale mlangoni, nitaelewa. Mtumaini Mungu. Basi la Alhamisi linaondoka saa moja asubuhi, nitakuwekea kiti karibu yangu.