Hajakonda, Anakimbia: Kumuaga Shangazi wa Chumba cha Mwisho

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: neno ninaloliogopa kuliko yote katika lugha yetu ni "umekonda". Naliogopa kuliko matusi. Mtu akinitamkia njiani, hata kwa utani, nafika nyumbani nimeshikwa na baridi. Naanza na hofu hiyo kwa sababu mtu mmoja tu aliigundua bila mimi kumweleza, na mtu huyo anastaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja.

Watumishi wenzake wanalijua jina lake kamili. Sisi tuliopita mikononi mwake tunamwita Shangazi, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Muuguzi mkuu aliniomba niandike mimi, mwanafunzi wa sekondari ninayetetemeka nikiambiwa nisome mbele ya darasa. Alisema wakubwa wa kazi wataandika vyeo, na yeye alitaka mtu wa benchi. Benchi lenyewe ni lile la mbao la kusubiria zamu, nje ya chumba cha mwisho kwenye korido, jirani na stoo ya mifagio.

Shangazi hakuanzia katika chumba hicho. Alianza akiwa muuguzi kijana katika wodi ya watoto waliodhoofu kwa njaa. Aliwalisha kijiko kwa kijiko na kuwapima, na wauguzi wa enzi zake wanasimulia kwamba mshale wa mizani ukipanda kidogo tu, alipiga kigelegele hadi daktari akatoka kuuliza nani kajifungua. Miaka ikapita. Wodi ile ikapungua watu, na kwenye foleni wakaanza kuonekana watoto wa aina nyingine: wanahema wakipanda ngazi, shingo zimeweka weusi kwenye mikunjo, wanasinzia na kukoroma wakiwa wamekaa. Nusu ya maisha yake ya kazi aliomba mshale upande. Nusu iliyobaki aliomba usipande. Yeye husema mizani ni ileile, na nyuso za akina mama ni zilezile.

Alipoomba chumba cha kuwashauri watoto hao pamoja na familia zao, alichekwa. Hao wana shida gani, aliulizwa, si wameshiba? Akapewa chumba kilichojaa vitanda vibovu. Alivitoa mwenyewe, akisaidiwa na mlinzi wa getini, wakapaka chokaa ukutani.

Humo ndani sheria zilikuwa chache. Mizani ilikaa pembeni, imefunikwa shuka, na hakuna mtoto aliyepimwa mbele ya mtoto wa nyumba nyingine. Hakuna aliyeingia peke yake: anayempikia, anayekula naye na anayemnunulia soda, wote waliketi. Shangazi alisema hakuna dawa ya mtu mmoja katika nyumba ya watu wengi. Swali lake la kwanza halikuwa mtoto anakula nini. Lilikuwa, "Nani anapakua?" Watu walishangaa, kisha macho yote yakamgeukia mmoja wao, na huyo ndiye Shangazi alizungumza naye.

Yupo baba mmoja, fundi redio, aliyeapa kwamba soda haiingii nyumbani kwake. Alipotoa leso ajifute jasho, vizibo vikadondoka mfukoni, kimoja kikabingirika hadi miguuni pa Shangazi. Alikiokota akamrudishia kwa mikono miwili: "Chukua, fundi, umeangusha ushahidi." Yule baba alicheka hadi akakubali kila kitu. Baada ya mazungumzo watoto walipelekwa uani kuruka kamba, mlinzi ameshika ncha moja na Shangazi nyingine. Magoti yake mwenyewe yalikuwa mabovu, na chai yake ilikuwa ya sukari nyingi. Hakuficha. "Mimi nahubiri huku natubu," alikuwa akisema.

Lakini Shangazi mwenyewe ameniomba nisiandike kana kwamba alishinda siku zote. Kwa hiyo naandika habari za kwetu.

Kwetu ni watu watatu: Bibi, mimi na mdogo wangu. Mtaani mdogo wangu alikuwa anaitwa Tingatinga. Siku ya kwanza chumbani, Shangazi alimuuliza angependa humo aitwe nani. Alifikiri sana, akasema, "Rubani." Tangu hapo ni Rubani. Alikuwa na miaka tisa, anavaa suruali za mtu mzima zilizokatwa miguu, na hakuweza kufunga kamba za viatu bila kuketi sakafuni. Daktari alisema sukari inamnyemelea, ila muda bado upo.

Anayepakua alikuwa Bibi. Chumbani aliitikia kila kitu: ndiyo mwanangu, nimesikia mwanangu. Na kwa wiki kadhaa alijitahidi kwelikweli. Upawa uliingia sufuriani mara moja badala ya mbili. Safari ya tatu Rubani alipanda mizani, Shangazi akachungulia, uso ukamng'aa. Akamgeukia Bibi na kupiga makofi. "Hongera, mama. Mtoto ameanza kukonda."

Nilikuwa nimeketi katikati yao. Nilimwona Bibi akikaza fundo la mtandio wake. Alishukuru kwa adabu, akamshika Rubani mkono, tukatoka. Hatukurudi.

Shangazi hakujua. Mama yetu alifia katika nyumba hiihii tunayolala, kwa ule ugonjwa ambao mtaani hakuna aliyeutaja kwa jina. Walisema tu, "Yule amekonda." Walisema kwa sauti ya chini, kisha wakaacha kuazima vyombo vyetu. Kwetu neno hilo halikuwa habari ya uzito. Lilikuwa tangazo la msiba. Na Rubani aliponenepa, watu walewale wakaanza kumsifu Bibi: mjukuu ana afya, mjukuu amenawiri, kumbe damu yao safi. Unene wa Rubani ndio uliokuwa cheti cha nyumba yetu.

Jioni ile upawa uliingia sufuriani mara tatu. "Kula, baba," Bibi alimwambia. "Nimeshamzika mmoja aliyekonda. Sina nguvu za wa pili."

Ule muda ambao daktari alisema upo, ukaisha. Rubani alianza kunywa maji kama mtu anayezima moto, na kuomba ruhusa ya kwenda msalani hadi mwalimu akachoka naye. Asubuhi moja alianguka mstarini. Waliosimama nyuma yake walicheka kwanza, wakidhani anafanya mzaha. Aliletwa hapa hospitali hana fahamu.

Shangazi alimkuta Bibi nje ya wodi. Hakusema "nilikwambia". Aliketi, akamuuliza kama ametia chochote tumboni, kisha akanifuata kwenye bomba la maji nilikokuwa najifanya naosha kikombe. Aliniuliza kwa nini tuliacha kuja. Mimi si msemaji. Nilisema maneno mawili: "Ulisema amekonda."

Aliitazama mikono yangu ilivyo myembamba, na sweta zito nililovaa kwenye jua lile, nikajua ameelewa yote, pamoja na langu. "Na wewe wanakwambia?" aliuliza. Nikakiosha tena kikombe kilekile.

Rubani alipotoka wodini, Shangazi alikuja nyumbani siku ya Jumamosi, bila sare. Bibi alikuwa anachambua mchele. Shangazi akavuta kigoda, akashika upande wa pili wa ungo, akachambua naye.

"Mama, nilikosea neno."

"Ungekosea dawa ningekusamehe upesi zaidi," Bibi alisema bila kuinua macho.

Wakachambua. Baada ya kitambo Bibi akaanza kumsimulia habari za mama yetu ambazo hata sisi hatukuwahi kuzisikia: jinsi alivyokuwa mwepesi wa miguu, ukimtuma dukani anarudi hujamaliza kumtuma. Halafu akatoa lililokuwa limemkaa kooni. Mtoto akipungua, na majirani wakaanza, yeye atawajibu nini?

Shangazi alifikiri. "Waambie hajakonda. Anakimbia."

"Mimi sisemi uongo. Na huyo hajakimbia tangu azaliwe."

"Basi itabidi akimbie, mama, usije ukawa mwongo uzeeni."

Bibi alicheka, mara ya kwanza tangu Rubani aanguke. Siku hiyohiyo alinikabidhi mimi upawa, akisema mkono wake haujui kupunguza. Na kila asubuhi tunaisikia sauti yake: "Rubani, toka ukakimbie, usinitie dhambini." Mwanzoni Rubani alifika kwenye bomba la jirani, akarudi akitembea ameshika ukuta. Sasa anafika kona ya fundi cherehani.

Lakini sukari haikurudi ilikotoka. Rubani anajichoma sindano kila siku, tumboni, huku akitazama pembeni, na daktari anasema huenda ikawa hivyo maisha yake yote. Kama tungerudi chumbani wakati ule, pengine isingekuwa. Shangazi anajua hivyo. Bibi naye anajua. Sijawahi kumsikia yeyote kati yao akimtupia mwenzake mzigo huo, na sijawahi kuwaona wakiusahau.

Wakiulizwa mafanikio ya Shangazi, wakubwa watataja idadi ya familia na washauri aliowafundisha. Mimi nitataja kwamba katika chumba cha mwisho mtoto hakondi tena. Anakuwa mwepesi. Na kila mshauri mpya anayeingia humo hufundishwa naye jambo moja kabla ya kuonyeshwa mizani: uliza kwanza nani alikufa katika nyumba hiyo, ndipo uulize kinapikwa nini.

Shangazi, benchi linakushukuru. Umetupokea tukiwa tumechekwa njia nzima, na hukutucheka. Ulipokosea, ulikuja hadi jikoni kwetu kusema. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, magoti yanayokutii, wajukuu wanaoruka kamba, na chai yenye sukari kiasi ambacho unaweza kukitetea mbele yetu. Ustaafu wako uwe mwepesi.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimeandika habari za mama kwenye karatasi itakayosomwa na watu wengi, kwa hiyo nilikwenda kumsomea Bibi. Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake imetulia mapajani. Nilimuuliza nifute wapi. Alisema nisifute, ila niongeze kwamba mama alikuwa anapenda kuimba na alikuwa anaimba vibaya sana. Nimeongeza. Kisha akamwita Rubani akakimbie na, bila kunitazama, akasema, "Na wewe."

Sijawahi kukimbia mtaani. Naogopa kupungua hata kidogo. Nilivua sweta, nikavaa viatu, nikatoka naye. Tulipokaribia kona ya fundi cherehani, muuza mkaa aliinua kichwa akasema, "Nyie watoto, mbona mnakonda hivyo?" Rubani hakuwa na pumzi ya kujibu.

"Tunakimbia," nilisema mimi.

Tukafika kwenye kona, tukageuka, tukarudi nyumbani, nikapakua.